KRA wameniuliza kuhusu pesa za benki ambazo si zangu zote: nifanye nini?

Swali: Mhasibu, salamu kutoka Kibuye, Kisumu. Nauza mahindi na maharagwe, na kando nina kibanda cha M-Pesa. Wiki iliyopita kijana wa saiba, duka la kompyuta na intaneti, alinipigia simu kwamba kuna barua yangu ya KRA, mamlaka ya ushuru. Inasema kuwa mwaka wa 2024 nilitangaza mauzo ya shilingi 1,150,000, lakini kwenye akaunti yangu ya benki ziliingia shilingi 6,420,000. Wanataka nieleze tofauti ya 5,270,000 ndani ya siku 14, la sivyo watanitoza ushuru. Sijawahi kushika milioni tano maishani. Humo mna floti, yaani pesa za kuzungushia M-Pesa, mna pesa za chama ambacho mimi ni mhazini, na mna mkopo wa 300,000. Jirani ananiambia ninyamaze, watasahau. Mwingine anasema kuna mtu anaweza kuimaliza kwa elfu thelathini. Nilipe, nikaombe msamaha, au nifanye nini?

Jibu: Mama, pole sana. Najua usingizi umekuruka. Barua hizi huja kwa Kiingereza kizito na tarakimu ndefu, na mtu akiona mamilioni asiyoyajua huanza kuyahesabu magunia yake kana kwamba yameshapigwa mnada. Lakini kwa maelezo yako, hakuna anayekudai milioni tano. Hata ushuru wenyewe bado hujadaiwa. Umeulizwa swali, basi.

Nalisisitiza hilo kwa sababu barua za Mamlaka ya Ushuru zinafanana kwa sura. Nembo ni ile ile, PIN yako, yaani nambari yako ya ushuru, iko juu, jina la ofisa liko chini, na maneno ya kutisha yametawanyika katikati. Kumbe zina hatua. Ya kwanza huomba maelezo: sisi tumeona hiki, wewe ulitangaza kile, tufafanulie. Yako ni ya namna hiyo. Inayofuata ni ya makadirio, wenyewe huiita asesimenti. Hiyo ni uamuzi: imetaja ushuru, faini na riba, na inakueleza kwamba una haki ya kupinga. Baada ya hapo huja ya dai, muda wa kupinga ukiwa umekwisha au pingamizi lako likiwa limekataliwa. Na iko nyingine ambayo hailetwi kwako kwanza. Hiyo hupelekwa benki yako, ikiiagiza ikate pesa kwenye akaunti yako na kuzituma KRA moja kwa moja.

Kwa hiyo jirani anayekwambia unyamaze hakutakii mabaya, lakini amekosea. Hawasahau. Ukikaa kimya kwenye swali, ofisa ataandika makadirio kwa takwimu alizonazo, na takwimu alizonazo ni hizo 6,420,000 zote. Isitoshe, Sheria ya Utaratibu wa Ushuru ya 2015, kifungu cha 56, imemtwika mlipaushuru mzigo wa kuthibitisha kwamba uamuzi wa KRA una makosa. Hawahitaji kuthibitisha kwamba zile pesa ni mauzo. Wewe ndiwe unayetakiwa kuonyesha kwamba si mauzo. Mimi naona mzigo huo ni mzito mno kwa mama wa sokoni, lakini ndiyo sheria tuliyo nayo, na ukiijua mapema unajipanga.

Kuhusu mtu wa elfu thelathini, tafadhali usimpe hata shilingi. Barua yako iko ndani ya mfumo, ina nambari ya kumbukumbu, na kuna ofisa anayetakiwa kuifunga kwa maelezo yaliyoandikwa. Mtu wa pembeni hawezi kuifuta. Nimewaona waliotoa kitu kidogo wakaambiwa mambo yameisha, kisha makadirio yakaja baada ya miezi minne na mtu mwenyewe hashiki simu tena. Kutoa hongo ni kosa la jinai kwako pia. Malipo halali ya ushuru huanza na hati ya malipo yenye nambari, inayotolewa kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, kisha unalipa benki au kwa M-Pesa kupitia nambari ya biashara 222222. Hakuna ushuru wa Kenya unaotumwa kwenye simu ya mtu.

Sasa huyo kijana wa saiba. Mama, hapo ndipo moyo wangu ulipopiga. Maana yake ni kwamba anwani ya barua pepe iliyoandikwa kwenye PIN yako ni yake. Alikufungulia PIN, akaona huna barua pepe, akaweka yake. Barua yako imekufikia kwa sababu amekuwa mwungwana akakupigia. Hapa Nakuru alikuja kwangu mzee mmoja muuza viazi, amebeba bahasha ya kaki, akilia kwamba benki imekula pesa zake za mbegu. Tulipofungua iTax tulikuta swali, makadirio na dai, vyote vimetumwa kwa mpangilio katika muda wa karibu mwaka mzima, kwa barua pepe ya kijana aliyeshafunga saiba yake akahama mji. Mzee hakuwa amesoma hata neno moja. Kwa macho ya sheria alikuwa amearifiwa, kwa kuwa ilani ikitumwa kwenye anwani uliyosajili imekufikia. Basi leo, kabla hujaanza kutafuta risiti, fungua barua pepe yako mwenyewe, hata kwa msaada wa mwanao, kisha anwani na nywila zibadilishwe kwenye iTax, nawe umesimama hapo hapo. Ukishindwa, nenda Huduma Centre ya Kisumu na kitambulisho chako.

Ukiwa huko, waombe pia wakuthibitishie kwamba barua hiyo ni yao. Matapeli wanaoiga barua za KRA wapo, na njia nyepesi ya kuwatambua ni kwamba wana haraka ya pesa lakini hawana haja ya maelezo yako.

Turudi kwenye milioni zako. Ofisa alichofanya ni kujumlisha kila kilichoingia kwenye akaunti, akatoa ulichotangaza, kinachobaki akakiita mauzo yaliyofichwa. Ndiyo njia yao ya kuchunguza benki, na kwa mwenye duka tu huenda ikakaribia ukweli. Kwa wakala wa M-Pesa inapotosha vibaya sana, na nataka uelewe ni kwa nini, ili uweze kumweleza mtu ambaye hajawahi kukaa kibandani.

Chukua Jumatatu yako moja. Asubuhi una floti ya 50,000 kwenye simu, droo haina kitu. Wateja wanaweka: huyu 3,000 za karo, yule 12,000 za mwenye nyumba. Kufikia saa nane floti imekwisha na droo ina noti za 50,000. Unamwachia jirani kibanda, unakwenda benki, unaweka zile 50,000, floti inarudi kwenye simu. Benki imeandika: zimeingia 50,000. Jumatano ni hivyo hivyo, na Ijumaa tena. Wiki ikiisha benki imeandika 150,000, na wewe mtaji wako bado ni ule ule wa 50,000 uliozunguka mara tatu. Ukienda mwendo huo kwa wiki 52, taarifa ya benki itaonyesha kwamba zimeingia shilingi 7,800,000. Mtu aliyekaa Nairobi akisoma karatasi hiyo atamwona tajiri. Mapato yako halisi katika mzunguko huo ni kamisheni peke yake.

Lakini usimwandikie ofisa tu kwamba pesa ni floti. Kila mtu huandika hivyo. Iombe kampuni ya simu taarifa ya laini yako ya uwakala ya 2024, Januari hadi Desemba, na uombe benki taarifa ya miezi hiyo hiyo. Kisha keti na kalamu. Benki inasema tarehe 18 Machi ziliingia 50,000 saa tisa na dakika kumi. Taarifa ya laini inasema tarehe 18 Machi floti ilipanda kwa 50,000. Zipigie zote mbili alama na nambari 1. Nenda ya pili, nambari 2. Itakuchukua jioni nne au tano, nawe utachoka, lakini kazi hiyo hakuna anayeweza kuifanya vizuri kukuzidi, kwa sababu wewe unaikumbuka siku ile ulipoweka 40,000 badala ya 50,000 kwa kuwa 10,000 ulilipia gunia. Hiyo 10,000 ya gunia iandike pembeni. Ofisa akiona kwamba umezitaja hata zile zinazokuumiza, atakuamini kwenye nyingine.

Chama nacho kina njia yake. Ikiwa mko wanachama 20 na kila mmoja anatoa 2,000 kwa mwezi, hizo ni 480,000 kwa mwaka zilizopitia akaunti yako bila kuwa zako. Toa nakala ya katiba ya chama ikiwapo, orodha ya wanachama, na kurasa za daftari zenye sahihi. Kinachosadikisha zaidi ni kutoka kwa pesa: zimeingia 40,000 tarehe 5, tarehe 6 zimetumwa kwa aliyefikiwa na zamu. Na nikuombe jambo, Mama, kikao kijacho waambie wenzako mfungue akaunti ya chama yenye watia sahihi watatu. Umebeba hatari ya watu 19 kwa hisani tu.

Mkopo ni rahisi: barua ya kukubaliwa mkopo, na mstari wa benki unaoonyesha siku ulipoingia. Pesa ulizohamisha kutoka akaunti yako moja hadi nyingine nazo ziondolewe. Taarifa mbili zikiwekwa pamoja zinajieleza.

Tuseme umemaliza hesabu na imekuja hivi: floti 3,600,000, chama 480,000, mkopo 300,000, uhamisho wa ndani 260,000. Jumla ni 4,640,000. Ukizitoa kwenye 6,420,000 zinabaki 1,780,000, na hizo ni mahindi na maharagwe. Ulitangaza 1,150,000. Zimekosekana 630,000.

Hapa Mama utajaribiwa. Utataka kuzisukuma hizo 630,000 ndani ya chama au ndani ya floti. Nakuomba usifanye hivyo. Si kwa sababu nadhani wewe ni mdanganyifu. Najua vile mauzo ya gorogoro yanavyopotea: umeuza tatu, mtoto ameuza mbili, hakuna aliyeandika. Lakini maelezo yenye uongo mmoja uliogunduliwa hubomoa yale mengine yote ya kweli. Zikubali.

Angalia gharama yake. Nachukulia uko kwenye ushuru wa mauzo ghafi, ambao ni wa biashara zinazouza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, na ambao kwa mwaka wote wa 2024 ulikuwa asilimia 3. Wakizitoza zile 5,270,000 zote, ni 158,100 kabla ya faini. Kwa 630,000 ni 18,900. Kuna nyongeza ya asilimia 5 ya kuchelewa kulipa, yaani 945, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, shilingi 189 kila mwezi kwa deni lote, na wanaweza kuongeza faini ya ritani, ile fomu ya kutangaza mauzo. Inauma, lakini ni maumivu ya magunia machache, na pesa ikikosekana kwa mkupuo sheria inakuruhusu kuomba kulipa kwa awamu. Omba kwa maandishi, utaje kiasi na tarehe unazoweza kuzitimiza kweli, si za kujionyesha. Kamisheni ya M-Pesa nayo ni mapato. Kama hukuitaja kwenye ritani, itaje sasa katika majibu hayo hayo.

Wakikugusia VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, kwa sababu 6,420,000 zimepita milioni 5, usishtuke. Kiwango hicho cha milioni 5 hupimwa kwa bidhaa zinazotozwa VAT, na nafaka ambazo hazijasindikwa zimesamehewa. Andika hivyo kwa sentensi moja. Na kama umesajiliwa kwenye ushuru wa mapato wa kawaida badala ya ule wa mauzo ghafi, hesabu inakuwa ya faida. Hapo utahitaji daftari la ununuzi, na tangu Januari 2024 gharama zinatakiwa kuwa na ankara za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa hiyo tafuta mhasibu akae nawe.

Barua yenyewe ya kujibu iwe fupi. Wengi huandika kurasa tatu za huzuni: mume mgonjwa, mvua iliharibu mahindi, watoto wako shule. Yote ni kweli na yote yananihuzunisha, ila ofisa hana mahali pa kuyaweka kwenye jedwali lake. Andika namna hii:

"Nimepokea barua yenu ya tarehe (…), kumbukumbu nambari (…). Kati ya shilingi 6,420,000 zilizoingia kwenye akaunti yangu mwaka wa 2024, shilingi 3,600,000 ni floti ya uwakala wa M-Pesa, kama inavyoonekana katika Kiambatisho A, mstari kwa mstari. Shilingi 480,000 ni michango ya chama, Kiambatisho B. Shilingi 300,000 ni mkopo, Kiambatisho C. Shilingi 260,000 ni uhamisho kati ya akaunti zangu, Kiambatisho D. Mauzo yangu yalikuwa shilingi 1,780,000. Nakiri kwamba shilingi 630,000 hazikutangazwa, na naomba nirekebishe na kulipa ushuru wake. Naomba mkutano iwapo mnahitaji ufafanuzi."

Kiswahili ni lugha rasmi kwa ibara ya 7 ya Katiba ya 2010, kwa hivyo usione haya kukiandika. Ukipata mtu wa kukutafsiria kwa Kiingereza pia, vizuri, itapita mikono mingi bila kukwama, lakini hakikisha unaelewa kila mstari unaoutia sahihi. Itume kwa barua pepe iliyotajwa kwenye barua yao, kisha peleka na karatasi ofisini.

Na siku 14? Hesabu kuanzia tarehe iliyo kwenye barua, usianze siku kijana alipokupigia simu. Kama hazitoshi kupata taarifa za benki, andika leo hii uombe siku zaidi na useme unasubiri nini, kutoka wapi. Ombi lililotumwa kabla ya muda kwisha husikilizwa kuliko udhuru uliotumwa baadaye.

Huenda ukajibu vizuri na makadirio yakaja licha ya hayo, pengine kwa sababu ofisa amekubali mkopo na chama lakini amekataa nusu ya floti. Hapo saa inaanza kugonga kwa nguvu. Una siku 30 tangu ulipoarifiwa uamuzi kuwasilisha pingamizi kupitia iTax, chini ya kifungu cha 51 cha sheria ile ile. Hesabu siku zote, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, nawe hutachelewa. Pingamizi si ombi la huruma. Ili lihesabiwe kuwa halali ni lazima utaje unapinga nini hasa na kwa sababu gani, useme unataka lirekebishwe vipi, uambatanishe vielelezo, na uwe umelipa sehemu ambayo huipingi au umekubaliana nao namna ya kuilipa. Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wengi. Wewe kwa mfano wetu utakuwa umelipa ushuru wa zile 630,000, kwa hiyo unasimama vizuri.

Wakishapokea pingamizi halali, Kamishna wa KRA ana siku 60 za kuamua. Zikipita bila uamuzi, sheria inahesabu kwamba pingamizi lako limekubaliwa, kwa hiyo tunza ushahidi wa siku uliyoliwasilisha kama unavyotunza hati ya shamba. Ukichelewa zile 30, unaweza kuomba kuongezewa muda kwa sababu ya ugonjwa, kuwa nje ya Kenya au sababu nyingine ya maana. Leta karatasi ya hospitali, maneno matupu hayatoshi. Uamuzi ukienda kinyume nawe, kuna Mahakama ya Rufaa za Ushuru, ile iitwayo Tribunal, siku 30 tena, na ada ya kuwasilisha rufaa ni 20,000. Kwa deni la kiwango chako ningekushauri kwanza uombe usuluhishi nje ya mahakama, ambao sheria inauruhusu, kabla hujatoa hizo 20,000.

Lakini sidhani kama tutafika huko. Faili lenye viambatisho vinne, mistari yenye nambari na kosa moja lililokiriwa, mara nyingi hufungwa mezani kwa ofisa yule yule aliyekuandikia. Kuanzia mwezi huu floti ipite akaunti moja na mahindi nyingine, na ritani ya mauzo iingie kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Daftari zako usichome, sheria inataka zihifadhiwe miaka mitano. Chapisha majibu yako nakala mbili, uende nazo zote ofisini, moja ibaki kwao, na ya pili usitoke nayo mlangoni kabla haijagongwa muhuri wenye tarehe.